Katibu wa Matanga na Faili la Muda

Hakuwahi kukaa kwenye kiti nilichompa. Aliweka koti lake juu yake, akasimama nyuma ya mtu yeyote aliyekuwa akichapa, akasoma kwa sauti ya chini kila neno lililotokea kwenye kioo, kisha akatoka nje kuitazama barabara kama anayemsubiri mgeni. Akirudi anakuta sentensi mbili mpya, anazilaumu zote mbili. Kwa wateja wengine alikuwa kero. Kwangu mimi, mwenye duka dogo la kompyuta pale Nyamasaria, alikuwa mteja wa kutegemewa kuliko wote, maana watu hawaachi kufa, na yeye ndiye aliyekuwa katibu wa matanga.

Sitamtaja jina. Mtaani hakuna aliyelitumia. Wazee wenzake walimwita Katibu, na mkewe naye alimwita Katibu, hata anapomwita kula. Kazi yake ilianza pale mtu anapofariki. Kamati hukaa kila jioni nyumbani kwa marehemu, ikajadili gari, jeneza, mahema na chakula, na mwishowe kile kijitabu kinachogawiwa siku ya mazishi: picha ya marehemu kwenye jalada, ratiba ya ibada, wasifu, na orodha ya aliowaacha. Mgeni anaweza kudhani ni karatasi ya kujipepea kwenye jua. Kwetu, hapo ndipo ukoo unaposema hadharani nani ni nani. Mke yupi alitangulia. Nani ni mtoto, na nani "alilelewa" tu. Nimeona watu wazima wakikipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, wakijitafuta.

Karibu kila ninachokikumbuka juu yake kinaelekea kwenye jina moja, kwa hiyo afadhali nilitaje mapema. Akinyi alikuwa binti wa kaka mkubwa wa Katibu, aliyezaliwa kabla ya ndoa, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuletwa nyumbani. Alipokuwa msichana aliishi miaka kadhaa kwa Katibu hapo hapo Nyamasaria, na sasa ni mama wa watu, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga. Hakuna aliyebisha kwamba ni wa damu. Sura yake peke yake ilimaliza ubishi. Kaka yake Katibu alipofariki, Akinyi aliomba kitu kimoja tu: jina lake lisomwe kaburini pamoja na watoto wengine wa baba yake. Alimwomba Katibu.

Katibu alimjibu, "Nitaandika."

Ujanani alikuwa karani wa mashine ya taipu, na mashine hiyo ndiyo iliyomfundisha kuwaza. Alipenda kueleza kwamba kwenye taipu hakuna kufuta. Unapaka rangi nyeupe, unapiga juu yake, lakini ukiigeuza karatasi kwenye mwanga, lile neno la kwanza bado liko pale, limebonyea kwa nyuma. "Karatasi ilikuwa na mgongo," alikuwa akisema. "Hii kioo yako haina mgongo." Hakuiamini kompyuta kwa sababu ilifuta vizuri mno.

Kisha akagundua kwamba haifuti vizuri kiasi hicho, na kutoka siku hiyo hakutulia tena.

Ilitokana na kirusi. Flashi yake, aliyokuwa akiivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, ilipata kile kirusi kinachoficha mafaili yote na kuacha vivuli vyake tu. Nikaiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, nyaraka zake zikarudi, na katikati yake zikatokea nyingine zenye rangi iliyopauka, majina yao yakianza na alama ya wimbi na alama ya dola.

"Fundi, hawa ni akina nani?"

"Ni mafaili ya muda, Mzee. Programu inayatengeneza yenyewe ukiwa unaandika."

"Nani aliituma?"

"Hakuna aliyeituma. Ndiyo kazi yake."

"Mtu akiingia kwangu bila hodi, aanze kuandika vitu, halafu aniambie ndiyo kazi yake, mimi napiga mayowe mtaa mzima uje."

Nilimweleza kwa utaratibu, jinsi nilivyojifunza mwenyewe kwa kusoma na kuharibu. Lile faili dogo lenye wimbi na dola ni kama kofia iliyoachwa kwenye kiti: linasema kuna mtu humu, usikalie. Ndani yake halina maneno yako, lina jina la aliyefungua tu. Ukifunga waraka, kofia inaondolewa. Kwa bahati mbaya mashine zangu nilizinunua zikiwa zimetumika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amejiandikisha kwa jina la Bosi. Ndiyo maana kila Katibu alipojaribu kufungua waraka uliokuwa wazi kwenye mashine nyingine, alijibiwa kwamba umefunguliwa na Bosi.

"Bosi ndiye nani?" alifoka, watu wakageuka. "Mimi ndiye katibu! Huyo Bosi anatafuta nini kwenye matanga yetu?"

"Bosi ni wewe, Mzee. Uliufungua kwenye ile mashine ya pale, hukuufunga."

Alikwenda kuitazama ile mashine ya pale, kiti kikiwa kitupu mbele yake. Hakuridhika.

Mafaili ya muda yale makubwa yalimsumbua zaidi. Nilimwambia kwamba unapohifadhi, programu haikwaruzi ndani ya ukurasa wa zamani. Inaandika nakala mpya mahali pengine, ile ya zamani inaipa jina lisiloeleweka na kuiweka kando, halafu ukifunga vizuri inaitupa. Umeme ukikatika kabla hujafunga, au flashi ikichomolewa ghafla, haipati nafasi ya kutupa. Ya zamani inabaki imejificha, kama ilivyokuwa kabla ya marekebisho.

Na yeye alichomoa kila siku. Mtu aliyeweza kugombana na kamati nzima kwa sababu ya koma, hakuweza kusubiri waraka ufungwe. "Funga kwanza, Mzee," nilimwambia, nikamwambia tena. Jibu lake: "Kufunga nini tena? Si nimemaliza?" Tayari ameshafika mlangoni, flashi inaning'inia.

Huyo ndiye mtu niliyemjua, na sijawahi kumpanga akapangika. Alihimiza kila kikao kianze kwa wakati, kisha akaondoka kabla hakijaisha. Kanisani alisali kwa jicho moja wazi. Aliandika maneno matamu juu ya watu asioweza kuvumilia hata salamu zao. Kuna mzee mmoja bahili, aliyejulikana hadi Sondu kwa ubahili wake, ambaye Katibu alimwandikia kwamba "mlango wake haukujua kufuli." Nilimuuliza kama haoni aibu.

"Omera," alisema, yaani ndugu yangu, neno alilolitumia akitaka kunipunguza kasi, "hapa tunawaandikia walio hai. Yeye mwenyewe ameshajijua."

Lakini alikuwa na sheria moja aliyoishika kama kiapo: katibu huandika kilichokubaliwa. Wakisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, na wewe ulimwona amelala miaka, unaandika muda mfupi. "Kalamu ni ya kikao," alisema. "Wangu ni mkono tu." Alilisema hilo kwa majivuno. Niliwahi kulipenda.

Sasa juu ya matanga ya kaka yake. Mazishi yalipangwa kufanyika Jumamosi, nyumbani kwao Pap Onditi. Rasimu ya kwanza aliichapa mwenyewe kwangu, vidole viwili, na kwenye orodha ya watoto akamweka Akinyi, kama alivyoahidi. Jumatano jioni rasimu ikasomwa mbele ya kamati. Mjane akasema jina hilo halijui. Mzee mkubwa wa ukoo akasema, "Tusilete maneno kwenye mazishi." Hakuna aliyepiga kelele. Wakapita kwenye jambo linalofuata, ambalo lilikuwa sufuria.

Alhamisi asubuhi Katibu alikuja, akalifuta jina, akahifadhi. Hakufunga. Alimwona mwenye mahema akipita barabarani, ambaye alikuwa akimtafuta tangu jana yake, akachomoa flashi na kumkimbilia.

Aliporudi mchana ili nichape vijitabu, waraka ulikataa kufunguka.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imeumia. Ngoja."

Mimi sifanyi kazi juu ya kitu kilichoumia. Kwanza nilinakili kila kilichokuwemo kwenye flashi na kukiweka kwenye mashine yangu, vilivyofichwa na visivyofichwa. Waraka wenyewe ulikuwa umeharibika kabisa. Kati ya vile vilivyopauka, nikaona faili moja la muda lenye uzito wa kutosha na saa ya asubuhi ile. Nikaifungua programu, nikailazimisha ilisome. Ikatoka picha ya kaka yake, kaptura ya kaki na miwani. Ikatoka ratiba. Ikatoka orodha ya watoto, na Akinyi alikuwemo.

Katibu aliinama hadi nikasikia pumzi yake sikioni.

"Huyu nilimfuta."

"Ndiyo, Mzee. Hii ni ya kabla hujamfuta."

"Sasa amerudi."

"Hakuondoka. Programu ilimweka kando."

Alitoka nje, akaitazama barabara. Akarudi. Akatoka tena. Simu yake ikalia; alikuwa mwanawe wa kwanza, Odhiambo, aliyekuwa akisimamia usafiri, na kwa jinsi alivyopaza sauti hata mimi nilimsikia. "Baba, vitabu viko wapi? Watu wa Sondu wanapita huko sasa hivi kuvibeba!"

"Vinakuja," Katibu akasema, akakata.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Anaweza kubaki?"

"Mashine haikatazi," nilisema. "Wewe ndiye katibu."

Nadhani alisubiri niseme kitu kingine. Hapakuwa na kikao pale dukani, hakuna mjane wala mzee wa ukoo, palikuwa na yeye na kibodi. Akapitisha mkono begani kwangu na kulifuta jina herufi moja baada ya nyingine, kutoka nyuma kwenda mbele. Angeweza kuliteua lote na kulifuta kwa mguso mmoja, nilikuwa nimemfundisha. Alipomaliza alisema, "Chapa," na kwa mara ya kwanza hakusoma kilichotoka kwenye printa.

Nilikwenda mazishini. Akinyi alikuwa na wanawake waliopika, kitambaa kichwani, kijitabu mkononi. Watoto wa marehemu waliitwa mmoja mmoja, kila aliyeitwa akasogea karibu na jeneza. Orodha ikaisha. Akinyi hakusogea, wala hakulia. Watu walipoanza kutawanyika alimfuata Katibu hadi alipokuwa.

"Asante, Baba," alimwambia. "Kitabu ni kizuri. Karatasi ni ile nzito."

Katibu alitafuta pa kwenda, akaenda kumgombeza kijana wa vipaza sauti.

Tangu hapo akaanza tabia mpya. Alilifuta lile faili kwenye flashi yake, maana flashi ilishikwa na watu wengi nyumbani. Nakala iliyobaki ilikuwa moja, ile iliyokuwa kwenye mashine yangu. Alikuja hata wakati hakuna aliyekufa. Anazungukazunguka, anakosoa bango langu la bei, kisha anainama.

"Ile bado iko?"

Nilimwonyesha. Ikon iliyopauka, jina la herufi na tarakimu zisizosema kitu. Hakutaka nilifungue. Alilitazama tu, akaitikia kwa kichwa, akaondoka akiwa mwepesi kidogo. Baada ya siku chache anarudi.

Mimi ni mtu wa kupanga vitu, na jambo hilo lilinisumbua. "Mzee, hili si mahali pa kutunza kitu. Faili la muda halijatengenezwa likae. Acha nilipe jina, nilinakili mahali salama, nikuchapie hata karatasi moja."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Ukilipa jina litakuwa waraka. Waraka huulizwa: nani aliandika, nani alikubali? Liache hivyo lilivyo."

"Na likipotea?"

"Si uko hapa?"

Hivyo ndivyo alivyotaka: Akinyi asifutwe, na asitangazwe. Aliipata nafasi ya kumweka, nyembamba, kwenye diski ya mtu mwingine. Nami nilijikuta nimekuwa mlinzi. Niliwakataza wanaochapa kwangu kusafisha folda ile. Nikiona mawingu yamesimama upande wa ziwa, nachomoa mashine ile kwanza kabla ya nyingine.

Siku moja mvua ilinikuta nimekwenda mjini kununua wino. Radi ilipiga nguzo karibu na duka. Niliporudi, mashine ilinuka plastiki iliyoungua, na diski yake ilitoa mlio wa kugonga, tiki, tiki, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Niliipeleka kwa mtaalamu ninayemwamini mjini. Akanirudishia, akatikisa kichwa.

Nilimwambia Katibu mwenyewe, amesimama, koti likiwa kwenye kiti.

"Yote?"

"Yote, Mzee."

Alikwenda mlangoni, akaitazama barabara, akarudi. "Si ulisema ni la muda?"

"Nilisema."

"Basi halikunidanganya." Akachukua koti lake.

Hakuja tena. Vijitabu vya matanga vikaanza kuletwa na katibu mwingine, mwanamke mpole anayefunga kila waraka vizuri na kuuliza bei kabla. Nilisikia kwamba mzee amehamia Pap Onditi moja kwa moja, kwamba miguu imevimba, kwamba hali si nzuri. Nilipanga kwenda kumwona, nikaahirisha, nikapanga tena. Ndipo yeye mwenyewe akapiga simu.

"Beba ile mashine ya kukunja," alisema. "Na ije imeshiba moto, umeme wa huku ni wa kubahatisha."

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha kamba, miguu imeinuliwa juu ya stuli. Ugonjwa ulikuwa umemkalisha, lakini mikono haikukubali. Ilivuta nyuzi za blanketi, ikaziviringa, ikazitupa. Mkewe aliniletea chai. Odhiambo alikuwepo, ameegemea mlango, funguo za gari mkononi. Na kwenye mkeka, amekaa wima kama mtu aliyeitwa bila kuelezwa sababu, alikuwepo Akinyi.

"Fungua," Katibu akaniambia. "Tunaandika yangu."

"Yako gani, Mzee?"

"Ya matanga. Au unafikiri mimi nitapaa?"

Odhiambo alishtuka. "Baba, hiyo ni mkosi! Mtu haandiki matanga yake mwenyewe."

"Nani aandike? Katibu ni mimi."

"Hayo ni mambo ya kamati."

"Kamati ni ya maiti. Mimi bado nakula." Akanigeukia. "Andika, Fundi. Ruka kuzaliwa, kila mtu amezaliwa. Ruka shule. Nenda kwa aliowaacha."

Nikaandika jina la mkewe. Kisha akataja watoto, mmoja mmoja, akianza na Odhiambo, hadi akafika kwa kitinda mimba. Akapumua. Mikono ikaacha blanketi.

"Na Akinyi."

Kuku walipita katikati yetu.

"Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu," alisema. "Hilo ni jambo la kwetu tangu zamani, halihitaji mtu kuinua mkono. Kwa kaka yangu niliambiwa nimtoe nikamtoa. Nikamtoa tena mwenyewe, bila kuambiwa, huyu Fundi alikuwepo. Kwangu hakuna wa kunitolea. Ukimaliza, uitume leo kwenye simu za wanakamati wote. Akitaka mtu kumfuta, amfute mimi nikiwa namtazama."

"Baba, watu watasemaje?" Odhiambo aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Watasema nimekuwa mwenda wazimu. Watakuja kuniona. Nitawapa chai." Akanionyesha mkeka kwa kidevu. "Mpe asome."

Nikaiweka kompyuta mapajani mwa Akinyi. Alifuta viganja kwenye leso yake kabla ya kuigusa. Alisoma kimya, midomo ikitembea. Alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Nilidhani atalia. Katibu naye alidhani hivyo, kwa maana alishaanza kuangalia pembeni.

"Umeniweka mwisho," Akinyi akasema.

"Nini?"

"Umewapanga kwa umri, Baba. Wote. Halafu mimi umenibandika chini kama kiraka." Hakupaza sauti. "Mimi ni mkubwa kwa Odhiambo. Kama ni mtoto, niweke mahali pa mtoto. Kama ni huruma, nifute sasa hivi, niende nikauze omena yangu."

Katibu alimtazama mwanawe. Sote tulimtazama. Mahali pa kwanza ni mahali pa kwanza; aliye hapo ndiye anayeitwa kabla ya wengine wote kusogea karibu na jeneza, na Odhiambo alikuwa amesimama hapo maisha yake yote. Alizungusha funguo kwenye kidole, akazishika zisilie.

"Ni mkubwa," alisema mwishowe. "Alinibeba mgongoni tulipokuwa Nyamasaria. Nilimkojolea gauni la shule, akachapwa na mwalimu."

"Mara mbili," Akinyi akasema.

Niliichukua kompyuta, nikalikata jina kutoka chini, nikalibandika juu, nikahifadhi. Kisha nikaurudisha waraka mapajani mwake. Katibu alifumba macho, akamwambia asome kwa sauti, hata walio jikoni wasikie. Akinyi akakohoa kidogo, akaanza na jina lake.